Degedege na kifafa: je, ni kitu kimoja?

Swali: Ninatafsiri maelezo ya utafiti kwa wazazi ambao watoto wao wana ugonjwa wa Dravet, aina adimu ya kifafa inayoanza utotoni. Mhariri wangu amefuta neno "degedege" kila lilipotokea na kuweka "kifafa", kwa hoja kwamba la kwanza ni neno la mitaani. Je, amefanya sawa?

Jibu: La, na katika maelezo ya namna hii kosa hilo si dogo. Degedege ni tukio: mwili wa mtoto hukakamaa, macho hupinduka, viungo hutukutika, kisha hali hupita. Mara nyingi huletwa na homa kwa watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, na wengi wao hawapati kifafa maishani. Kifafa ni maradhi ya ubongo yanayorudiarudia bila ya homa wala sababu nyingine ya papo hapo, na pengine mtoto hukodoa macho tu kwa sekunde chache, asitukutike hata kidogo. Ndiyo maana tunasema degedege limemshika mtoto, lakini mtoto ana kifafa.

Ugonjwa unaoutaja, ambao daktari Mfaransa Charlotte Dravet aliueleza mwaka 1978, kwa kawaida huanza kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja, tena kwa degedege la homa linalodumu kuliko kawaida. Kifafa hubainika baadaye. Tangu mwaka 2001 inajulikana kwamba chanzo chake kikuu ni hitilafu katika jeni ya SCN1A, na baadhi ya dawa za kifafa, kama kabamazepini, huweza kuizidisha hali ya mtoto huyo, kwa hiyo historia ya mwanzo wa ugonjwa ina uzito mkubwa. Mzazi akiulizwa "Kifafa kilianza lini?" huenda akataja siku daktari alipomwambia jina la ugonjwa, ilhali mtafiti anauliza kuhusu ule usiku wa kwanza wa homa. Andika: "Degedege la kwanza lilimshika akiwa na umri gani?"

Kwa kuwa baadhi ya watoto hao wana usonji (autism) pia, nakusihi uandike "ana usonji", wala si "anaugua usonji". Anayeugua hutarajiwa kupona au kuzidiwa, nao usonji ni namna ubongo wa mtoto ulivyokua tangu mwanzo.