Herufi Moja Iliyozaa Mfungwa

Mkataba ulikuwa wa kuuziana mashine. Ndani yake hapakuwa na polisi, hakimu wala jela, lakini kwenye tafsiri yangu alizuka mfungwa. Kifungu kimoja cha mwishoni kilikataza "parol evidence", nami bila kusita nikaandika kwamba ushahidi kuhusu kuachiliwa kwa mfungwa kabla ya muda wake hautapokelewa. Wakili aliyenipa kazi alinipigia simu. "Mwalimu," akasema huku akijizuia kucheka, "huyu mfungwa wako kafungwa kwa kosa gani?"

Nilisoma "parol" nikaona "parole". Programu ya tahajia nayo ilikuwa imeipigia "parol" mstari mwekundu na kunipendekezea iongezwe e, basi nikaamini aliyeandika ndiye aliyekosea. Mtu asiyejua Kiingereza angefungua kamusi. Mimi niliyejiona najua, sikufungua.

Maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Mama yao ni "parole" ya Kifaransa, yaani neno, usemi. Wanormani kutoka Ufaransa walipoiteka Uingereza mwaka 1066 Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, kisha ya mahakama. Mwaka 1362 ilitungwa sheria ya kutaka mashauri yasemwe kwa Kiingereza, lakini wanasheria hawakuachana na Kifaransa chao upesi. Ilibidi itungwe sheria nyingine, iliyoanza kutumika mwaka 1733, ndipo Kiingereza kikawa lugha ya kumbukumbu za mahakama pia. Miaka yote hiyo msamiati uliota mizizi. "Parol" ikabaki na maana ya kilichosemwa kwa mdomo. "Parole" ikaenda vitani: mateka alitoa neno lake la heshima kwamba hatatoroka, au hatashika silaha tena, akalegezewa kamba. Baadaye ikahamia gerezani, na mfungwa akawa anaachiliwa mapema kwa masharti.

Kwa hiyo kuna neno lililosemwa, na kuna neno lililoahidiwa. Nikishakumbuka hivyo sichanganyi tena.

Lakini usikimbilie kuandika "ushahidi wa mdomo", maana hapo kuna shimo la pili, nami nililitumbukia katika rasimu iliyofuata. Kanuni yenyewe husema hivi: watu wakishaweka makubaliano yao yote kwenye maandishi, asije mmoja baadaye na maneno ya pembeni kuyapinga au kuyabadilisha maandishi hayo. Muuzaji aliyetamka kwamba atatengeneza mashine bure kwa miaka miwili, kisha mkataba ukawa na masharti mengine, mnunuzi wake atapata taabu. Na maneno ya pembeni si ya mdomo tu: barua na rasimu za kabla ya kutia saini nazo zinaweza kuzuiwa kwa kanuni hiyohiyo, ingawa jina lake linataja usemi. Siku hizi naandika "ushahidi wa nje ya mkataba", na wakili hajalalamika. (Ulaghai ni habari nyingine, aliyedanganywa hazuiwi kusema kwamba alidanganywa.)

Ushauri wangu basi: usilitazame neno peke yake, tazama limekaa na nani. "Parol" hukaa mbele ya "evidence", "contract" au "agreement". "Parole" huandamana na mfungwa, bodi na masharti. Ukikuta moja kwenye nyumba ya mwenzake, simama.

Njia hiyo hunisaidia pia kwa "waive" na "waver", ambapo sikio halisaidii kitu, kwa sababu "waiver" na "waver" hutamkwa sawa kabisa. Hapa natazama kitendwa. "Waive" hudai kitu cha kuachilia: mtu ana-"waive" haki, ada, sharti. "Waver" haidai kitu. Mtu anasitasita tu, basi. Mpangaji aliyeachilia haki yake hana tena la kudai, ila aliyesitasita bado anayo yote. Herufi moja inaweza kumnyang'anya mtu haki yake, na hapo programu ya tahajia haitapiga mstari wowote, kwani yote mawili ni maneno halali.

"Escheat" naitaja kwa sababu inanifurahisha. Ni mali kurudi serikalini pale mwenye mali anapokufa bila wosia wala mrithi. Hakuna udanganyifu ndani yake. Ila "cheat", kudanganya, imezaliwa humohumo: maofisa wa mfalme waliokusanya mali hizo walisifika kwa hila, jina la kazi yao likageuka tusi. Ukiona "escheat" ukatafsiri ulaghai, umemrithisha mama sifa za mwana.

Halafu kuna "tortious", "tortuous" na "torturous". Zote zina asili ya kupinda na kusokota, lakini ya kwanza tu ndiyo ya sheria, kutoka "tort", kosa la madai kama uzembe au kashfa. Shauri la Donoghue v Stevenson la mwaka 1932, la mama aliyedai kukuta konokono kwenye chupa ya kinywaji cha tangawizi, ni la "tort". Ya pili ni njia yenye kona nyingi; ya tatu ni mateso.

Sasa kabla ya kutuma kazi natafuta jozi hizi moja moja kwenye faili, na usahihishaji wa kujiendesha nimeuzima. Wiki iliyopita nilikuta "tortuous conduct" kwenye barua ya madai aliyoiandika yule yule wakili. Nikampigia, nikamuuliza kama mdaiwa alikuwa anatembea kwa kupindapinda. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza yule mfungwa wangu alishatoka.