Mnunuzi ameanza kununa na uhamisho haujakamilika: mambo niliyopitia nikiuza nyumba Gungu

Mkuu mleta mada, nimekusoma. Umeuza nyumba Mwanga, Kigoma, jamaa katoa arubuni (malipo ya awali), kila ukienda ofisi ya ardhi unaambiwa "linashughulikiwa", na sasa anataka umrudishie hela yake. Usirudishe kwanza. Mimi niliuza nyumba yangu ya Gungu wakati nahamia Tabora, uhamisho wa umiliki ukavuka masika yote ukaingia kiangazi, na mauzo hayakuvunjika. Naandika niliyoyapitia, wanasheria wa humu watanisahihisha.

"Linashughulikiwa" si jibu. Jalada lina namba, na muda wowote lipo kwenye meza ya mtu fulani. Nenda masjala, wanakotunza majalada, na hiyo namba, uliza limetoka lini na limekwenda kwa nani. Mimi yule dada wa masjala alifungua daftari, akateremsha kidole mstari kwa mstari, akaniambia: "Baba, hili limesimama. Tunasubiri ripoti ya uthamini kutoka kwenu." Kutoka kwetu! Ripoti ilikuwa imeshatoka siku nyingi, imelala kwenye droo ya wakili niliyemlipa anifuatilie (jina naliacha). Ofisi ya ardhi ilikuwa inatukanwa bure. Sisemi ofisi zetu zina haraka, hapana, ila kabla hujamlaumu mtu jua karatasi iko wapi.

Njia yenyewe ni hii kwa kifupi: mkataba wa mauziano, fomu za uhamisho (namba 29, 30 na 35), ripoti ya uthamini, risiti za pango la ardhi (kodi ya ardhi ya kila mwaka) zisizo na deni, hati halisi, kisha kibali cha uhamisho, kisha TRA, mwisho Msajili wa Hati, anayeandikisha mmiliki mpya. Zamani sisi wa Kigoma tulitegemea ofisi ya kanda iliyoko Tabora. Tangu 2020 mikoa ilipopewa ofisi zake za ardhi, shida hiyo imepungua.

Panapokwama sana ni kwenye vitu vidogo. Hati yangu imeandikwa Hamis, NIDA imeandikwa Hamisi. Herufi moja tu, faili likarudi. Nikaapa kiapo cha majina, nikaambatanisha, likaendelea. Kaa leo na hati yako, kitambulisho chako na mkataba, linganisha majina herufi kwa herufi, yako na ya mnunuzi. Halafu ridhaa ya mke. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mmoja auze nyumba ya familia bila mwenzake kuridhia. Mama watoto alikuwa ameshatangulia Tabora, kwa hiyo fomu ilipanda basi, akasaini mbele ya wakili kule, ikarudi kwa basi. Kama ndoa yako ina mgogoro, hapo ndipo pa kuanzia, mengine yote yatasubiri.

Kodi nayo inawashtua wengi. Msajili hasajili uhamisho mpaka TRA wathibitishe kwamba kodi ya ongezeko la mtaji imemalizwa. Kwa mkaazi ni asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama ulizotumia kununua, kujenga na kuboresha. Ndiyo maana risiti za bati na saruji zina thamani kuliko watu wanavyodhani. Na kama nyumba umeimiliki miaka mitatu au zaidi mfululizo na umeishi mwenyewe jumla ya miaka mitatu au zaidi, faida isipozidi shilingi milioni 15 haitozwi. Uliza hilo mapema, usisubiri kukadiriwa ndipo uanze kutafuta ushahidi kwamba uliishi humo. Ushuru wa stempu kwa kawaida ni wa mnunuzi, lakini mkataba useme wazi nani analipa nini. Kimya kwenye mkataba ndicho kinacholeta ugomvi kaunta ya benki.

Sasa huyo mnunuzi wako. Kwa maoni yangu mnunuzi hakimbii kwa sababu ya kuchelewa. Anakimbia kwa sababu haoni kitu, na mjini wameshamwambia umeiuza nyumba kwa wawili. Wangu ni mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, mtu wa hesabu. Kila karatasi iliyogongwa muhuri nilimpigia picha nikamtumia palepale, hata risiti ya pango. Ndugu zake wakamshauri aweke zuio kwa Msajili, yaani nyumba isisajiliwe kwa mtu mwingine. Sikununa. Nilimwambia weka, kwa sababu kama nauza kwa mtu mmoja zuio lake halinidhuru chochote, yeye mwenyewe ndiye atakayeliondoa siku ya usajili. Alipoona sikatai, hata hakwenda.

Muda wa mkataba ulipokaribia kuisha tulikwenda kwa wakili (mwingine) tukasaini nyongeza: tarehe mpya, bei ileile, arubuni inabaki, na ikifika tarehe hiyo bado, tunakaa tena. Fanya hivyo wiki hii. Maneno ya simu hayatoshi. Na hiyo arubuni, kama hujaitumia, iache benki. Ukiweza kumwonyesha kwamba ipo, nusu ya hasira yake imekwisha.

Ufunguo usimpe. Watu watakwambia mruhusu ahamie, atatulia. Akishaingia, salio linaanza kuja kwa vipande, na kumtoa ni kesi. Wangu aliomba angalau banda la uani aweke magunia. Nilikubali kwa maandishi, kama mpangaji wa banda tu, kwa kodi ya mwezi. Kosa halikuwepo, isipokuwa mthamini alipofika aliuliza kama hii ni nyumba ya kuishi au ghala la Kibirizi.

Mwenyekiti wa mtaa akidai asilimia kumi ya bei, mwombe akuonyeshe sheria na akupe risiti. Mimi sikuonyeshwa hata kimoja. Na kwa kuwa tuko mpakani, hakikisha mnunuzi ana NIDA ya raia. Asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na jalada la namna hiyo unaweza kulisubiri mpaka uzeeke.

Halafu kuna jambo hukulisema: hati ina jina la nani? Kama bado ni la marehemu mzee, basi unayeuza ni msimamizi wa mirathi, na jina la msimamizi lazima liingizwe kwanza kwa Msajili ndipo uhamisho kwa mnunuzi ufuate. Barua ya usimamizi ya mahakama peke yake haitoshi. Na kama ulithibitishwa Mahakama ya Mwanzo, orodha ya mali na madeni (fomu namba 5) inatakiwa ndani ya miezi minne, la sivyo uombe kuongezewa muda. Warithi nao wasaini ridhaa zao sasa hivi wakiwa bado wanaelewana, bei haijaanza kutajwa msibani. Tuambie hilo hapa, maana likiwa hivyo ushauri wa nyongeza ya mkataba unabadilika: tarehe mpya mtakayoandika ihesabu na muda wa mahakamani.