Barua kwa mwanangu: fowili inawekwa lini

Mwandiga, Kigoma

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kwamba akiba yako sasa inatosha gari. Umeniuliza mawili: ununue ile Suzuki Jimny ya cc 660 uliyoiona Dar, au Rav4 wanayokushauri wenzako wa kazini, na fowili, yaani magurudumu yote manne kuvuta, inawekwa lini. La pili ndilo kubwa, ingawa umelitaja mwishoni kama la kupitia tu.

Nianze na gari. Safari zako zingekuwa za Kasulu na kurudi, ningekwambia chukua Rav4 na tusiongee zaidi. Lina nafasi, limetulia barabarani, mgongo hauumi. Lakini wewe unakwenda kuchanja watoto. Ukiacha lami ya Manyovu pale Kalinzi ukakata kushoto au kulia, unakutana na vijia vya udongo mwekundu vinavyopanda na kushuka katikati ya migomba na mibuni, na kuanzia Novemba vinateleza kama vimepakwa mawese. Rav4 huvuta kwa magurudumu yote manne, ila halina ile gia nzito ya 4L, ya kwenda polepole kwa nguvu. Jimny inayo. Bodi yake imekaa juu ya chesisi kama ya lori, ekseli zake ni za kipande kimoja mbele na nyuma, na Suzuki hawajaacha kuitengeneza hivyo tangu 1970. Uzito wake ni kama tani moja, kwa hiyo vijana wanne wa kijijini wanaisukuma ikatoka. Ni fupi pia: mahali ambapo wenzako watarudi kinyumenyume hadi njia panda, wewe utageuza.

Kasoro zake uzijue kabla ya kulipa. Ni nyembamba na ndefu kwenda juu, kwa hiyo njia ikilalia upande mmoja nenda polepole sana. Ukipakia maboksi ya chanjo, viti vya nyuma utavikunja, utabaki na abiria mmoja. Ile ya cc 660 ina pistoni tatu na tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini. Ukipanda mlima wa Kalinzi na watu wanne utaisikia inalia. Ukipata ya cc 1300, ongeza hela uchukue hiyo. Ukikosa, muulize mwenye gari oili alibadilisha lini. Tabo haivumilii oili iliyochoka, na asiyekumbuka tarehe hajaitunza.

Usinunue kwa picha. Liendeshe hadi kilomita 60, kisha 80 kwa saa, mikono ikiwa myepesi kwenye usukani. Usukani ukianza kutetemeka mpaka dashibodi nayo inatikisika, mara nyingi ni beringi za kingpini, zile pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, au bushi zimekwisha, na kazi hiyo si ya siku moja. Halafu weka fowili uangalie taa yake. Ikipepesa bila kutulia, huenda vijipira vya upepo vinavyokwenda kwenye habu za mbele vimepasuka, maana yake magurudumu ya mbele hayajashika na gari unalouziwa ni la tuwili, linavuta kwa mawili tu. Mwisho lala chini uitazame chesisi. Sehemu za Japani zenye theluji humwaga chumvi barabarani, na kutu yake hujificha huko chini wakati rangi ya juu inang'aa.

Sasa fowili. Wengi huikumbuka wakishazama. Wewe weka 4H, yaani fowili ya mwendo wa kawaida, ukiwa bado kwenye udongo mgumu, unapoona mbele pamelowa, gari likiwa linakwenda polepole na magurudumu yamenyooka. Ile 4L ni ya mwinuko mkali, mteremko mkali na kujinasua, na kuiweka lazima usimame kabisa.

Lakini mwanangu, fowili inakusaidia kwenda. Haikusaidii kusimama. Hili nililipata kwa hofu, nikiwa bado afisa kilimo na ile Suzuki nyeupe uliyokuwa unapenda kukaa mbele. Nilikuwa nashuka kutoka mashamba ya kahawa baada ya mvua, pembeni yangu mkulima mmoja mzee. Kupanda tulipanda vizuri mno, nikaona hakuna njia itakayonishinda. Katikati ya mteremko nikaona mbuzi. Nikakanyaga klachi na breki kwa pamoja. Magurudumu yote manne yakasimama kuzunguka, gari likaendelea kushuka, kwanza kwa pua, halafu kwa ubavu, kimya kabisa, nikiwa nimeshika usukani ambao haugeuzi kitu. Tukazuiwa na shina la mgomba. Chini ya mgomba ule kulikuwa na korongo.

Nilipotoka nikaona tairi. Udongo ulikuwa umejaza meno yote, limekuwa laini kama chungu kabla hakijachomwa. Yule mzee hakunilaumu. Alichukua jembe, akachonga ngazi ndogo mbele ya kila gurudumu, akatandika nyasi kavu, akaniambia nishuke kwa gia ya kwanza na mguu nisiuweke popote. Nikaweka 4L, klachi nikaiachia yote, gari likashikwa na injini, likateremka kwa mwendo wa mtu aliyebeba maji kichwani. Tangu siku hiyo kila mteremko wa matope nimeushuka hivyo, na wewe naomba uushuke hivyo, hata mvua ikikukuta na haraka. Ukiona hata kwa gia ya kwanza linateleza, paki, tembea kwa miguu na boksi lako.

Ukirudi kwenye lami kavu, toa fowili. Kwenye Jimny ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja, hakuna difu ya katikati ya kuziachanisha, na gari likikata kona magurudumu ya mbele hutembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope tofauti hiyo huishia kwenye kuteleza. Kwenye lami haina pa kwenda, inarudi kuumiza gia. Usukani ukiwa mzito kwenye kona kama gari linashikiliwa kwa nyuma, ujue umesahau. Na tairi zote nne ziwe saizi moja, zimelika sawa.

Siku ya kwenda kuliangalia nipigie kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba, unisikilizishe injini ikiwaka ya baridi. Jembe langu la gari lipo stoo na mpini wake mfupi bado mzima, na kamba nimeikagua jana, haijaoza. Nimevitenga pamoja, uvichukue ukipita.

Mama yako