Shangazi, dayati ya siku 30 inanigombanisha na mume na mama mkwe

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina miaka 36, naishi Arusha na mume na watoto wawili, ukweni ni Marangu. Leo niko siku ya 11 ya ile Whole30, siku 30 bila sukari, bila nafaka, maharage, maziwa wala pombe. Nilianza kwa sababu tumbo lilikuwa linanijaa gesi kila jioni na kwa kweli limetulia, hata usingizi napata. Tatizo ni kula nje. Ijumaa tulienda kula kitimoto na marafiki wa mume wangu, nikamuuliza mhudumu nyama imewekwa nini, mafuta gani, sosi gani, mpaka mume akaniambia mbele ya watu kwamba siku nyingine nibaki nyumbani. Jumamosi ya wiki ijayo ni sendofu ya wifi yangu huko Marangu, na mama mkwe alishasikia nimekataa kiburu chake, zile ndizi za maharage, akasema mkamwana anaona napika sumu. Niache? Na nikionja kitu kidogo ndio naanza tena siku ya kwanza? Alafu watoto, wa miaka 4 na 7, niwaingize nao?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache. Tumbo lako limeshaanza kukwambia kitu na itakuwa hasara uache kulisikiliza katikati, ila namna unavyoibeba hiyo dayati mbele za watu ndio inabidi ibadilike, na ibadilike kabla ya hiyo Jumamosi.

Kwanza nikutoe wasiwasi kidogo. Hii kitu waliianzisha Wamarekani wawili mwaka 2009, Melissa Hartwig (siku hizi anaitwa Melissa Urban) na Dallas Hartwig, na waliiandika kwa ajili ya watu ambao kula nje kwao ni baga, piza na soseji za pakti. Wewe uko Arusha! Toa ugali, wali, chapati na maharage, angalia kilichobaki: ndizi za kila aina, viazi mviringo, viazi vitamu, magimbi, mihogo, boga, mnafu, chainizi, nyanya chungu, parachichi, mayai, kuku wa kienyeji, mbuzi, samaki, nazi, korosho, matunda yote ya msimu. Hata samli inaruhusiwa. Nenda soko la Kilombero asubuhi au Tengeru siku ya soko uone kama utakosa cha kula siku 30, hukosi.

Nakwambia hivi kwa sababu naona wengi wanaojiingiza humo wanakata na ndizi na viazi wakidhani wanga wote ni haramu, wanabaki na nyama na majani, siku ya tano kichwa kinauma, wana hasira na kila mtu nyumbani, alafu wanasema dayati ngumu. Ndizi kula. Kiazi kula, cha kuchemsha au cha kuchoma, maana chipsi zimekatazwa hata kama kiazi chenyewe kimeruhusiwa, wenye programu hawataki vitu vya kudumbukiza kwenye mafuta. Kwa hiyo chipsi mayai sahau kwa sasa.

Haya tuje kwa mumeo. Mimi simtetei kwa kukusema mbele ya watu, hilo amekosea na umwambie mkiwa wawili, kwa upole, kwamba ilikuuma. Ila jiweke na wewe kwenye kiti chake, mtu yuko na rafiki zake, njaa inauma, mhudumu amesimama na kidaftari chake na mkewe anauliza swali la sita. Na huyo mhudumu mwenyewe hajui, mwanangu! Hajui nyama imelowekwa kwenye nini, yeye kazi yake ni kuleta. Atakujibu "haina kitu dada" ili aende meza nyingine, na wewe utakula ukiwa huna uhakika vilevile. Anayejua ni aliyeko jikoni, kwa hiyo maswali yako yaende jikoni na yaende mapema. Piga simu kabla hamjatoka nyumbani, au mkifika tu wewe jifanye unaenda kunawa mikono, pita kwa mchomaji, mwambie kaka naomba nusu yangu uichome kwa chumvi na ndimu peke yake, usiipake kitu. Mwisho wa maneno. Ukirudi mezani unakaa unacheka na watu kama kawaida, oda yako ikija ni nyama choma, ndizi za kuchoma na kachumbari, nani atajua kwamba uko kwenye dayati? Hakuna.

Na vitu vya kukwepa sio vingi kiasi cha kuhitaji mahojiano. Soya sosi, maana ile inatengenezwa kwa soya na ngano. Tomato sosi na pilipili nyingi za chupa, zina sukari. Vile vipakti vya kiungo cha mchuzi, soma nyuma yake, vingi vina wanga wa mahindi na sukari ndani. Na mchuzi mzito wa hotelini, wengine wanauzitisha kwa unga wa ngano. Ukishajua hivyo vinne unaomba vya kuchoma au unaomba mchemsho, basi, mchemsho wa kuku au wa samaki na ndizi na karoti na hoho upo kila kona ya mji huu na ni kama umeandikiwa wewe. Supu ya mbuzi asubuhi bila chapati, sawa, weka ndimu, agiza ndizi pembeni. Kahawa yetu ya hukuhuku kunywa, nyeusi, bila sukari.

Ofisini mchana mnakula kwa mama lishe? Hukuandika lakini nahisi ndio ilivyo kwa wengi. Mpigie asubuhi, sio saa saba foleni ikiwa imefika barabarani. Mwambie dada leo niwekee mboga yangu kabla hujatia karanga, maana karanga nayo iko kundi moja na maharage kwa sheria za hao watu, na unipe nyama na viazi mahali pa wali. Mama lishe ukimpigia mapema na ukawa mteja wa kila siku atakufanyia, tena wengine wanafurahi kuona mtu anajali anachopika.

Sasa mama mkwe, na hapa nataka unisikilize vizuri maana hapa ndipo moyo wangu ulipo kwenye barua yako. Yule mama hajakasirika kwa sababu ya maharage. Kiburu chake ni ndizi na maharage, ndicho alicholea nacho mwanaye unayelala naye kitanda kimoja, na mtu akikikataa mbele ya wengine bila maelezo amemkataa yeye. Na mimi nikuombe kitu, hayo maneno ya mitandaoni ya kuita ugali takataka na maharage sumu usiyaingize kwenye nyumba ile hata kwa utani. Maharage ni chakula kizuri sana, yamebeba familia nyingi za Kilimanjaro, na kwenye programu yako yametolewa ili upime tumbo lako, hayajahukumiwa.

Kwa hiyo usisubiri Jumamosi. Mpigie simu leo au kesho, usitume meseji, piga. Mwambie hivi: "Shikamoo mama. Mama nimesikia maneno yamefika vibaya, naomba unisamehe nilivyokataa chakula siku ile. Tumbo limenisumbua muda mrefu, nimeacha vitu kadhaa kwa mwezi mmoja tu nione kinachonisumbua ni kipi, na maharage yamo, na maziwa yamo. Nakuja Ijumaa mapema nikusaidie kazi, naomba tupike machalari, unionyeshe ya kwako." Alafu kweli uende Ijumaa, umenye ndizi na wenzako, na ile sufuria ya machalari utoe ya kwako kabla hawajatia maziwa. Mtori pia hivyohivyo, unakubali kabisa bila maziwa wala siagi, ni ndizi na nyama na kitunguu. Mama wa Kichaga ukimwambia tumbo linauma atakuhurumia na atakulinda, ukimwambia dayati atakuuliza unakondea nini na hujashiba kwake.

Mbege haitawezekana, ina ulezi na ni pombe, vyote viwili vimekatazwa. Kata ikikufikia ipokee kwa mikono miwili, shukuru, mpe mumeo anywe, hayo mpange kabla. Huyo ndio msaidizi wako siku hiyo na akipewa kazi utashangaa atakavyokuwa upande wako.

Kwenye sendofu yenyewe bufee haikupi shida, kutakuwa na nyama, kuku, ndizi, mboga, matunda, unaruka pilau na wali na unapita. Kula kitu nyumbani kabla, mayai mawili na parachichi, kwa sababu shughuli zetu chakula kinaandikwa saa mbili kinatoka saa nne, na mtu mwenye njaa ya saa nne usiku haangalii tena sheria za Marekani. Kitu kimoja tu kinanipa mawazo, keki. Wewe ni mke wa kaka wa bibi harusi, kuna uwezekano mkubwa ukaitwa mbele kulishwa. Mnong'oneze wifi yako mapema akulishe ndafu badala ya keki, mbuzi yupo pale mezani mzima, na watu watashangilia zaidi. Ikishindikana, MC akakuita, wifi yako ameshika kipande cha keki na machozi yanamlenga na kamera zote ziko kwenu, mwanangu fungua mdomo ule. Siku ile ni ya kwake.

Na hapo ndio nakujibu swali la kuanza upya. Wenye programu yao wanasema ukila kilichokatazwa unarudi siku ya kwanza, ndio sheria yao, na wana sababu yake, wanataka tumbo lipumzike mwezi mzima bila kuingiliwa ndipo upime. Mimi naangalia wewe ulianza kwa ajili gani. Ulitaka kujua gesi inatoka wapi. Kipande cha keki siku moja hakifuti ulichoshajifunza, ongeza siku chache mwishoni ukitaka, ila ukianza kula chapati kila wikendi ukisema ni kidogo hapo hutajua chochote na bora uache. Tofautisha kuteleza na kujidanganya.

Tena wengi wanasherehekea siku ya 31 kwa kula kila kitu kwa mpigo, bia, chapati, mtindi, tumbo linavimba na hawajui wamlaumu nani. Sehemu ya thamani kuliko zote ni zile siku kumi baada ya 30. Unarudisha kundi moja moja: siku moja kula maharage na karanga, alafu siku mbili rudi kwenye dayati yako usikilize tumbo. Kisha wali na ugali siku moja, siku mbili unasikiliza. Kisha maziwa na mtindi. Mwisho kabisa vitu vya ngano, chapati, mkate, maandazi. Maharage yana sukari fulani ambazo tumbo haliwezi kuzisaga, zinafika chini huko bakteria wanazila na kutoa gesi, na kama ni yenyewe dawa yake haiko mbali, loweka usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya mpaka yaive kabisa. Maziwa ni habari nyingine, watu wazima wengi miili yao haisagi vizuri sukari ya maziwa, wakati Wamasai wengi wanayanywa bila shida yoyote. Ikionekana maziwa ndio tatizo lako utakuwa umepunguza kitu kimoja tu maishani, sio vitu vitano. Na kama hata baada ya hapo tumbo linajaa, au unapungua uzito bila sababu, au unaona damu chooni, hiyo nenda hospitali usiendelee kujipima mwenyewe.

Kwa msomaji mwingine anayetaka kuiga: mwenye kisukari anayetumia sindano za insulini au vidonge vya kushusha sukari asikate wanga ghafla bila kuongea na daktari, sukari inaweza kushuka mpaka akaanguka. Mjamzito na anayenyonyesha nao wasubiri.

Watoto hapana. Wa miaka 4 na 7 wanakua, wanahitaji maziwa yao, ugali wao, maharage yao, na hawana tatizo lolote la tumbo ulilonieleza. Wapunguzie soda tu, chupa moja ya mililita 330 ina sukari kama gramu 35, karibu vijiko tisa vya chai, na juisi za boksi zinaikaribia. Uji wa asubuhi waachie.