R6 ya kuanzia? Hapana kaka
Kaka unayetaka kuanza resi za klabu huko Marekani na R6 (Yamaha ya cc 600) eti kwa vile umeipata bei chee, pikipiki yenyewe wala sio gharama, gharama ni matairi. Ile 600 inamaliza tairi la nyuma fasta, ila Ninja 400 ya Kawasaki ni nyepesi, seti moja unaenda nayo wikiendi kadhaa, na klabu kama WERA na CCS zina klasi za pikipiki ndogo so hukosi wa kukimbizana nao. Kama we ni mtu wa kilo tisini na kitu chukua SV650 ya Suzuki ya zamani, injini ngumu, spea za mtumba kibao, shida shokapu za mbele laini mno, weka springi za uzito wako kabla hujaanza kuwaza ekzosi. Afu tafuta iliyokwisha kuwa ya resi, mwenyewe kashatoa taa, kafunga makava ya faiba, nati ya oili kaitoboa na kuifunga waya isifunguke, kulanti (dawa ya kupozea injini) kamwaga kaweka maji matupu (ile ikimwagika lami inakuwa sabuni). Ukinunua ya barabarani hayo yote ni hela yako, na bado hujanunua suti ya ngozi.