Taasisi ya leza chuoni hufanya nini?

Ndugu yangu wa Uyole, umeuliza kama kweli chuo kikuu kinaweza kuwa na taasisi nzima kwa ajili ya leza peke yake, na mwanao wa kidato cha sita angejifunza nini huko. Taasisi hizo zipo. Maarufu ni ile ya Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1970, ambako leza iitwayo OMEGA huelekeza miale 60 kwenye kidonge kidogo chenye haidrojeni nzito, kutoka pande zote kwa wakati mmoja, ili kukibana hadi viini vya atomu viungane.

Hapohapo, mwaka 1985, Donna Strickland, aliyekuwa bado mwanafunzi wa uzamivu, na msimamizi wake Gérard Mourou walitatua tatizo zito: mpigo mkali wa mwanga wa leza, yaani mmweko wa muda mfupi sana, ulikuwa ukiharibu vifaa vilevile vya kuukuzia. Waliurefusha kwanza ili ukali wake upungue, wakaukuza, kisha wakaubana tena; njia hiyo hutumika leo hata katika upasuaji wa macho, na mwaka 2018 iliwapatia nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Kwa anayetoka Mbeya, mimi ningeanza kuulizia Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, ambacho nacho kina Taasisi ya Utafiti wa Leza, lakini hiyo ni baada ya shahada ya kwanza. Kwa sasa akazanie hesabu na mada ya mawimbi.