Re: Nina S4 (kidato cha nne) tu na navaa miwani, naweza kuwa dereva wa trela?

Habari ndugu. Nimekuelewa, umekuwa tanboi, msaidizi wa dereva, miaka miwili hapo mpakani Malaba na unaogopa S4 na miwani vitakuzuia kushika usukani. Mimi nina S4 hiyo hiyo na trela nimeendesha, kwa hiyo usikate tamaa.

Kwanza angalia permiti. Ya gari dogo haikufikishi, trela inataka daraja lake la magari mazito, na unapanda daraja kwa daraja. Miwani si tatizo ilmradi ukiivaa unaona vizuri, ila beba ya pili kwenye kabini maana ikivunjika njiani usiku umekwama.

Shule inayohitajika ni ya kusoma makaratasi ya mzigo na kulinganisha namba za kontena na sili (ile lakiri ya kufungia mlango wake), ukikosea namba moja hauvuki mpaka. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano pia iwe mfukoni.

Lakini kitu kinachowashinda wengi ni akili na mwili. Mombasa mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100, unakaa, unakaa, mgongo unawaka, halafu foleni ya mpakani inaweza kukuweka siku nzima na bosi anapiga simu kila saa. Usingizi ukija simama ulale, bosi agombe tu, nimeona wenzangu walioulazimisha na hawakufika nyumbani. Jipime kwanza hapo ndugu yangu.

Tanki la mafuta sijawahi kuendesha, hilo waulize wanaoliendesha.